Titi Zima Lina Sura Nyingi

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa ninaoga, niligusa kivimbe kigumu katika titi langu la kushoto. Sikumwambia mtu. Siku nane nilikwenda ofisini, nikapanga majalada na kujibu barua, na kila nilipobaki peke yangu mkono ulirudi pale pale. Hatimaye nilimwendea mkunga wa zahanati. Alinipima, akaniuliza tarehe za hedhi, akasema, "Dada, rudi ikishapita." Nikarudi. Kivimbe hakikuwapo tena.

Nilishukuru, lakini niliona haya pia. Mimi niliyesomea ualimu, niliyewachorea watoto viungo vya mwili ubaoni, sikujua kwamba titi lisilo na ugonjwa hubadilika mwezi hata mwezi.

Ndipo nilipoanza kusoma habari za wataalamu walichunguzao titi kwa mwanga. Wazo hilo si geni: mwaka 1929 daktari Max Cutler wa New York alieleza jinsi alivyoyamulika matiti kwa taa. Siku hizi hutumiwa mwanga uliopakana na wekundu ambao jicho halioni. Msomaji akitaka kufahamu, na afunike tochi kwa kiganja gizani: vidole vitang'aa vyekundu, kwani damu huzimeza rangi nyingine na kuuachia wekundu upite. Mwanga ule usioonekana hupenya zaidi, hata sentimita kadhaa. Damu yenye oksijeni huumeza kwa namna yake, damu iliyokwisha kuitoa kwa namna nyingine, vivyo hivyo maji na mafuta. Kwa kuupima unapotoka, mtaalamu hukadiria kiasi cha kila kimoja bila kisu wala eksirei.

Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walichapisha vipimo vya wanawake wenye matiti mazima, vijana kwa watu wazima. Tofauti zilikuwa kubwa. Wale ambao bado wanapata hedhi walikuwa na damu na maji mengi zaidi. Waliokoma hedhi, mafuta yalizidi. Wachunguzi wengine wameona mabadiliko hata ndani ya mwezi mmoja kwa mwanamke yule yule.

Huenda mtu akauliza, kwa nini kuwashughulikia wasioumwa? Kwa sababu saratani mara nyingi hujikusanyia damu, na asiyejua damu ya kawaida ni kiasi gani atapimia nini? Eksirei nayo hupata taabu kwa matiti ya vijana, ambayo huonekana meupe kama uvimbe wenyewe. Hata hivyo mwanga huu haujachukua nafasi ya eksirei, na kivimbe kisichoondoka baada ya hedhi ni cha kupelekwa kwa daktari bila kuchelewa.

Juzi binti yangu wa miaka kumi na miwili aliniuliza kwa kunong'ona, "Mama, mbona hili moja ni kubwa kuliko lile?" Nilizima taa ya chumbani, nikampa tochi, nikamwambia aanze na kiganja.