Violoni kwa Mtu Mzima



Wako wanaotuuliza kama mtu aliyekwisha kupita miaka thelathini aweza kujifunza violoni. Aweza. Lakini yafaa ajue mapema jambo moja: katika violoni hakuna mahali pa kujificha.

Angalieni gitaa. Shingo yake ina vijiti vya chuma vinavyogawanya sauti. Ukiweka kidole kati ya viwili, sauti hutoka sawa hata kama kidole kimesogea. Shingo ya violoni ni tupu. Ina nyuzi nne tu, sol, re, la na mi; kidole kikihama kwa unene wa ukucha, sauti imekwisha kupotoka, na kila aliye chumbani amesikia. Mkono wa kuume nao una kazi ya upinde, wenye singa za mkia wa farasi zilizopakwa kolofani, yaani utomvu mkavu wa msonobari. Ukiukandamiza mno, uzi hulia kama mlango wa zamani. Ukiulegeza mno, huteleza tu juu ya uzi. Sisi tulifundishwa solfeji seminarini, twajua kusoma noti na kuongoza kwaya. Elimu hiyo ni njema, ila kidole cha nne hakikuwa seminarini.

Mwalimu wetu ni kijana ambaye hajaoa bado. Hutusalimu kwa heshima zote, "Baba Katekista", na baada ya dakika mbili husema: "Hapana, Baba. Bado iko chini. Rudia." Twarudia. Watoto hukusanyika dirishani, wale wale tunaowatayarisha kwa Komunyo ya kwanza, nao hucheka waziwazi. Mmoja aliuliza kama tunachinja mbuzi.

Hapo ndipo penye uzito. Mwenzetu mmoja, mtu wa kwaya mwenye sikio jema kuliko letu, aliacha baada ya majuma sita. Hakushindwa na vidole. Alisema kwamba mtu mwenye wakwe hawezi kusahihishwa na kijana mbele ya watoto. Hatumhukumu. Kwetu heshima ya mtu mzima si majivuno tu. Kwa heshima hiyo husuluhisha magomvi ya majirani na kusikilizwa nyumbani mwake. Anayeiweka chini saa moja kila juma atoa kitu cha thamani.

Katika mafundisho ya wakatekumeni yuko mama mmoja mwenye wajukuu. Hukaa benchi moja na wasichana wanaojibu upesi kuliko yeye, na akiulizwa hufunika kinywa kwa kitenge. Sasa twajua kitenge kile kinaficha nini. Siku hizi twamwuliza kwanza peke yake, chini ya mwembe, kabla wengine hawajafika. Hujibu vizuri sana.

Tusidhani kwamba ni sisi wa kwanza kuanza tukiwa tumechelewa. Mjapani Shinichi Suzuki, aliyezaliwa mwaka 1898, alikuwa mwana wa mwenye kiwanda cha violoni, lakini hakuanza kuipiga mpaka umri wa miaka kama 17, baada ya kusikia katika gramafoni Ave Maria ya Schubert ikipigwa na Mischa Elman. Baadaye yeye mwenyewe akajulikana duniani kote kwa kufundisha watoto wadogo. Karibu zaidi na sisi, katika Kinshasa, ndugu zetu wa Kanisa la Kimbangu walianzisha orkestra yao mwaka 1994, chini ya Armand Diangienda, aliyekuwa rubani wa ndege. Violoni zilikuwa chache kuliko wanafunzi. Walipokezana, na uzi ukikatika walitia waya wa breki ya baisikeli. Wengi walikuwa watu wazima wenye kazi zao za mchana. Walifika hata kupiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven.

Wengine hunong'ona kwamba chombo hiki si cha Kanisa. Wasome barua ya Papa Pio XII juu ya muziki mtakatifu, ya mwaka 1955: humo aliisifu violoni waziwazi pamoja na vyombo vingine vya upinde. Wala upinde si mgeni katika nchi za Maziwa Makuu. Wazee wa Rwanda wana iningiri yao, yenye uzi mmoja tu, na kwa uzi huo mmoja husimulia habari ndefu.

Kwa mwenye kutaka kuanza: robo saa kila siku yapita saa tatu za Jumapili. Usiiache violoni juani wala karibu na moto, gundi itaachia. Tena uangalie unapoisafirisha. Ndani yake, chini ya kidaraja kinachoinua nyuzi, kumesimama kijiti kidogo kisichotiwa gundi, ambacho Kifaransa hukiita âme, yaani roho. Yetu iliangushwa na mashimo ya barabara, na sauti ikawa kama ya debe tupu. Mwalimu aliisimamisha tena kwa waya uliopindwa, akiupitisha katika tundu la ubavuni, nasi tukimshikia taa karibu saa nzima.

Yule mwenzetu aliyeacha hajauza violoni yake. Imetundikwa ukutani, na kila tunapopita kwake twaona imefutwa vumbi.