Tumweleze Daktari Tuliyoyaona

Hapa Salamabila mtu akishikwa na homa, hakuna anayeona haya kuisema. Mama humbeba mtoto mgongoni, hufika kituo cha afya, hueleza mbele ya watu wote kwamba mwili unawaka tangu jana. Lakini mtu akikosa usingizi majuma matatu, akaanza kuogopa sauti ambazo wengine hawazisikii, au akatamka kwamba afadhali asingezaliwa, nyumba nzima hunyamaza. Hata siku anapofikishwa kwa daktari, linalosemwa ni kwamba kichwa kinamwuma. Naye daktari hutibu kichwa, kwa kuwa ndicho alichoambiwa.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Tumeitafakari methali hii kwa ajili ya mwenzetu mmoja, mpiga ngoma wa kwaya, ambaye hatutamtaja jina. Alirudi kutoka mashimo ya dhahabu akiwa amebadilika. Aliacha mazoezi, akawa anaziba dirisha kwa magunia kila usiku, akasema wako watu chini ya ardhi wanaomwita. Wengine walidai ni mashetani ya shimo. Wengine, ni ulevi. Wengine, ni laana ya ukoo. Mama yake hakuwa na nguvu za mabishano hayo. Alitujia jioni moja, akauliza: "Wanangu, nitamwambia nini daktari? Niseme mwanangu ni kichaa?"

Tulimjibu: "Hapana, mama. Jina la ugonjwa ni kazi ya daktari. Wewe mweleze uliyoyaona." Tukaketi naye mkekani, tukachukua daftari, tukaandika aliyoyakumbuka: mabadiliko yalianza lini, kijana analala saa ngapi, anakula au hali, anasema nini, kwa maneno yake mwenyewe, amewahi kujiumiza au kumtisha mtu, anakunywa nini, anafanya kazi gani, amekwisha kupewa dawa zipi, za hospitali na za miti shamba, na kama katika ukoo yuko aliyewahi kuugua hivyo. Ukurasa mmoja ulitosha.

Kila neno katika ukurasa huo lina sababu yake. Malaria inapopanda ubongoni humfanya mtu aweweseke. Kifafa huweza kumwacha amechanganyikiwa kwa muda. Pombe kali, na hata kuiacha ghafula baada ya kuizoea, huweza kuleta maono ya kutisha. Mchimbaji anayechoma zebaki ili aipate dhahabu huvuta mvuke wake, na sumu hiyo hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hudhoofika, hasira huwa karibu. Daktari asipoambiwa habari za kazi hiyo, atajuaje pa kuanzia?

Tena yako majeraha ya moyo. Kabambare yetu imeona silaha nyingi. Mwaka 2019 mgodi wa Namoya ulisimama katikati ya machafuko, na vijana wengi walibaki na mashimo na hofu. Madaktari Wasio na Mipaka, walipokuwa wakifanya kazi hapa Salamabila, waliwahudumia watu wengi waliofanyiwa ukatili wa kingono. Anayeshtuka usingizini miezi mingi baada ya kunusurika, au aliyepoteza furaha na nguvu kwa zaidi ya majuma mawili, tusimwambie kwamba imani yake imepungua. Analo jambo la kumweleza daktari.

Wengi huuliza: daktari wa akili tutampata wapi? Mabruda wa Upendo, shirika lililoanzishwa na padri Petrus Jozef Triest mjini Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807, wanawahudumia wagonjwa wa akili katika SOSAME kule Bukavu na Tulizo Letu kule Goma. Huko ni mbali, na njia ni ngumu. Lakini mlango wa kwanza uko karibu. Jirani zetu wa Kasongo wana historia ya kujivunia: katika miaka ya 1970, Mradi wa Kasongo ulionyesha jinsi kituo kidogo cha afya, chenye muuguzi anayezijua familia na hospitali inayomsaidia, kinavyoweza kubeba mengi. Na tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani, kwa mpango wake uitwao mhGAP, linahimiza wauguzi na madaktari wa kawaida wafundishwe kutambua na kutibu magonjwa ya akili. Basi tuanzie kwa muuguzi wetu. Likimzidi, ataandika barua ya kumpeleka mgonjwa hospitali kuu.

Tukiwa mbele yake, tuombe mahali pa faragha. Mgonjwa aulizwe kwanza na aachiwe nafasi ya kujieleza; tusimsemee kana kwamba hayupo. Daktari akiuliza kama anawaza kujiua, tusimkatize. Swali hilo halimpandi mtu wazo jipya. Humpa ruhusa ya kulitua alilokuwa akilibeba peke yake. Akikubali kwamba analiwaza, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na sumu, kamba na visu viondolewe nyumbani. Kisha nasi tuulize: dawa hii ni ya nini, itaanza kusaidia baada ya muda gani, na tuangalie dalili gani? Dawa nyingi za aina hii hukawia majuma kadhaa, na kuziacha ghafula huleta hatari.

Je, na sala? Tumkumbuke nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Alichoka hata akaomba kufa. Mungu hakumkemea: alimwacha alale, akamtumia malaika mwenye mkate na maji, mara mbili, kabla ya safari. Naye Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na kusali, yote mawili katika ugonjwa mmoja. Kumfunga mgonjwa minyororo, kumshindisha njaa kwa jina la mfungo, au kumnyang'anya dawa, hayo hatuwezi kuyaita sala.

Mama yule alikwenda na ukurasa wake. Muuguzi aliusoma polepole, akamgeukia kijana, akamwuliza: "Wewe mwenyewe, mwanangu, nini kinakusumbua zaidi?" Kijana akajibu: "Nimechoka kuogopa." Neno hilo hakuwa amelitamka nyumbani. Alipimwa damu, akapelekwa hospitali, akaanza dawa. Leo bado hajapona kabisa. Yako majuma analala vizuri, na yako majuma magunia yanarudi dirishani. Tumepangana kwa zamu kumsindikiza anapokwenda kuchukua dawa, na ngoma yake tunamtunzia.

Vijana wapenzi, katika kila kundi letu yuko anayenyamaza. Tumtembelee juma hili, wawili wawili, bila kelele. Tumwulize analalaje. Tumsikilize hadi amalize. Naye akikubali, tuchukue daftari, twende naye kituoni.