Mbiu Isiyo na Jambo

Wahenga walilonga kuwa mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Methali hii nilikuwa nimeifundisha bila kuitilia shaka hadi nilipopata fursa ya kusomesha Kiswahili katika chuo kimoja jimboni Illinois, Marekani. Huko, Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, saa nne kamili asubuhi, ving'ora vilivyowekwa juu ya milingoti hulia, na jambo halipo. Ni majaribio tu. Watu huendelea kunywa kahawa yao.

Kwangu mimi sauti ile iligeuka uraibu. Nilinunua kinasa sauti kidogo, nikakivika sifongo cha kuzuia upepo, na kila ilipowadia Jumanne hiyo nikawa nadamka kwenda kuvizia. Msomaji asinicheke, wenye uraibu huo ni wengi huko, na ujuzi wao ni wa kustaajabisha. Wao ndio walionifunza kusimama mbali na mlingoti, la sivyo sauti hupasuka ikawa mkwaruzo mtupu. Walinifunza pia kutofautisha king'ora cha kale na cha kisasa. Cha kale kina gurudumu lenye matundu, linalozungushwa na mota na kuikatakata hewa. Kadiri linavyoshika kasi ndivyo sauti inavyopanda, kutoka mngurumo hadi kilio. Cha kisasa aghalabu ni vipaza sauti tu, ndiyo maana mashabiki hawakionei fahari. Wao hukienzi cha kale, hususan kile kiitwacho Thunderbolt, kilichobuniwa miaka ya 1950, zama za hofu ya mabomu ya Wasovieti. Waama, utamu wa kunasa haumo kileleni mwa sauti. Umo mwishoni, umeme unapokatwa na gurudumu likaendelea kuzunguka lenyewe, sauti ikiteremka taratibu mpaka mbwa wa jirani wasikike tena.

Mji wa Chicago uliwahi kuonja uchungu wa mbiu isiyo na jambo. Usiku wa tarehe 22 Septemba 1959, mkuu wa zimamoto, Robert Quinn, aliamuru ving'ora vipigwe kusherehekea ushindi wa timu ya besiboli ya White Sox. Wakazi wengi walidhani vita vimefika. Shangwe gani hiyo ya kuwatia watu kiwewe vitandani mwao!

Siku moja niliwachezea wanafunzi wangu kanda hizo ili kuifafanua methali yetu. Walicheka, isipokuwa binti mmoja aliyelelewa Joplin, Missouri. Mji huo ulikumbwa na kimbunga tarehe 22 Mei 2011, kikaua watu zaidi ya 150. Ving'ora vililia mapema, ila uchunguzi uliofuata ulibaini kuwa wakazi wengi hawakukimbilia usalama papo hapo, kwa kuwa walikuwa wamezoea kuvisikia.

Baada ya kipindi alinijia mezani.

"Mwalimu, methali hiyo ni nzuri," akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza, akiyapima maneno. "Lakini kwetu mbiu ililia, na baba akatazama saa kwanza. Halafu akatoka nje kutazama mbingu. Halafu ndipo akatuita."

Nilimuuliza kama baba yake yu hai. Akaitikia kwa kichwa, kisha akaniomba nimpigie tena kanda ile, sehemu ya mwisho, sauti inapoteremka. Tuliisikiliza pamoja hadi ikanyamaza.