Rungu kulia, ngao kushoto, utaganga kwa mkono upi?

Nataka kuwasimulia ubishi wa watu wenye akili timamu kuhusu mkono. Siyo mkono wa birika, wala mkono mrefu wa mwizi. Ni mkono wa mtu ambaye hayupo kabisa duniani!

Iko hivi. Hapa Minneapolis, Marekani, ninaishi kwa dada yangu. Kila Jumamosi jioni mwanawe, kijana wa miaka 17, hukusanya wenzake mezani kucheza Dungeons & Dragons. Nami huwa nimo, maana mpira wa kwao huu wa kushika mkononi umenishinda. Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, kila mtu ana karatasi ya mtu wake wa kubuni: huyu askari, yule mchawi, mwingine kibaka. Mmoja anakuwa refa. Yeye ndiye anayesimulia pango, joka na mazimwi. Wewe unasema utafanya nini, kisha dadu yenye pande 20 inakata shauri. Basi.

Najua kuna mtu hapo ameshashtuka kusikia mchawi. Usihofu. Hata hapa miaka ya 1980 wapo waliopiga kelele kwamba huu ni ushetani. Dada yangu naye alitoa macho siku ya kwanza, mpaka alipoona kazi kubwa pale mezani ni kujumlisha na kutoa.

Mchezo ulitoka mwaka 1974. Waliouanzisha ni Gary Gygax wa Lake Geneva, kimji cha Wisconsin, na Dave Arneson wa hapa hapa Minnesota. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu. Na tangu siku hiyo swali likawa lile lile: mtu anayejua uchawi tukimpa na upanga, wengine watabaki na kazi gani? Wazee wale walimalizia mbali. Mchawi ashike kisu tu, kwisha. Kasisi apigane na silaha isiyo na makali, eti asimwage damu. Jamani, rungu la utosini halimwagi damu?

Toleo la mwaka 2000 likaja na hesabu. Mchawi akijifunga deraya kamili ya chuma, ana asilimia 35 ya uchawi wake kuharibika njiani. Toleo la mwaka 2014, ambalo ndilo tunalocheza sisi kwa kuwa ndivyo vitabu vilivyonunuliwa, likalegeza hapo: deraya uliyofunzwa kuivaa, vaa. Lakini kwenye mkono likakaza.

Manuizo yana sehemu tatu. Kuna maneno, kuna ishara za mkono, na kuna vitu vya kushika, kama mganga na tunguri zake. Uchawi mmoja unaweza kudai zote tatu, mwingine mbili, mwingine moja. Ukidai ishara, lazima uwe na angalau mkono mmoja ulio huru. Hapo ndipo kilio kinapoanza, maana mtu wangu mimi ni kasisi. Kulia rungu, kushoto ngao iliyochorwa alama ya mungu wake.

Sasa sikilizeni vituko. Nikitaka kuwabariki wenzangu, baraka hiyo inadai ishara pamoja na vitu, na ile alama kwenye ngao inahesabiwa badala ya vitu. Kwa hiyo natumia mkono ule ule wa ngao. Safi. Nikitaka kumponya mtu anayekata roho, uponyaji hauna vitu, una maneno na ishara tu, basi mkono wa ngao haufai! Niweke rungu kwanza. Yaani mkono wa kubariki upo, wa kuponya haupo. Kama ningekuwa na kalamu ya hao jamaa, kifungu hicho ningekifuta mchana kweupe.

Ila kuna mwanya. Kuokota au kuchomoa kitu kimoja ni bure kila zamu yako, na kuangusha nako hakulipiwi. Basi meza nzima ikawa ya kuangusha. Rungu chini, ponya, okota. Upanga chini, choma moto, okota. Mtu akisikia anadhani tuko gereji.

Sasa mpwa wangu. Mkono wake wa kushoto haujafanya kazi tangu azaliwe. Alipomwandika mtu wake alimwandika vile vile: mchawi msomi, mwenye mkono mmoja, anayetumia upanga, kwa kuwa ni wa wale watu wa msituni wenye masikio marefu ambao hukua na panga. Refa, rafiki yake wa shule, kijana mwema sana, akamwambia wewe usijali, tutakuruhusu unuie huku umeshika upanga. Wengine wakaitikia kwa kichwa.

Mpwa akafungua kitabu, akaweka kidole. "Hapa panasema mkono mmoja. Ninao."

Refa akajaribu tena, kwamba itakuwa ngumu. Kijana akasema ngumu anaijua, na kama kuna nafuu basi wapewe wote au asipewe yeyote. Meza ikapoa. Mimi nilikunywa chai yangu.

Wiki mbili baadaye tukavamiwa na mifupa inayotembea, yenye pinde. Sisi tulikuwa tunaangusha silaha pale tu tunapotaka kunuia. Yeye hapana. Mwanzo wa zamu anaokota upanga, anapiga, halafu anauachia chini na kusimama mkono mtupu. Tukamwona kama kachanganyikiwa. Amebakiwa na uhai wa pointi 4, na upanga uko chini!

Kumbe alikuwa akihesabu zamu ya adui. Kuna uchawi uitwao Ngao, unanuiwa pale pale unapopigwa, na unakuongezea ulinzi pointi 5. Unadai ishara, kwa hiyo mwenye mkono uliojaa hauambulii. Mfupa ukafyatua mshale. Dadu 11, jumlisha 4, ikawa 15. Ulinzi wake ulikuwa 12, alikuwa amekwisha. Akanyanyua ule mkono wake mmoja: 17. Mshale ukapita! Tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Refa naye siyo mtoto. Akaleta mfupa mwingine ukazoa upanga pale chini. Mpwa akacheka, akaurushia moto kwa mkono ule ule.

Nilimwuliza usiku ule alijifunza wapi. Akaniambia hakujifunza. Tangu udogo, kabla hajashika kikombe anajua kwanza mlango utafunguliwa na nini. Anapanga hatua tatu mbele, sisi tunapanga tukishakwama.

Toleo la mwaka 2024 limepunguza zile kelele za gereji, kwa kuwa siku hizi kuchomoa au kurudisha silaha kunaweza kwenda pamoja na pigo lenyewe. Mkono wa kufanyia ishara wameuacha. Nashukuru. Wangeuondoa, kila mtu angebeba kila kitu na kufanya kila kitu, na pale mezani tungebaki kutazamana.

Mwezi uliopita watu wetu walifika daraja la nne. Hapo unachagua: kuongeza nguvu au akili pointi 2, au kuchukua kipaji. Kuna kipaji cha mchawi wa vitani, kinachokuruhusu kufanya ishara hata kama mikono yote miwili imejaa silaha na ngao. Kasisi wangu alikidaka mbio, nimechoka kuokota rungu. Mpwa akaongeza akili.

Nikamwuliza mbona kakiacha kile kipaji.

"Mjomba, hicho ni chenu nyinyi wenye mikono miwili."