Ndege za Nchi Tatu

Sisi tuliokulia mtaa wa Jericho, Nairobi, miaka ya 1970 tulizijua ndege kwa herufi. Jumapili baada ya kanisa tulipanda basi hadi uwanja wa ndege wa Embakasi, tukajibanza kwenye roshani ya kupungia wasafiri mkono na kusoma ubavuni: 5H ya Tanzania, 5X ya Uganda, 5Y yetu. Zote jina lao moja, East African Airways. VC10 ikiwasha injini zake nne za nyuma, vioo vilitetema.

Mtaani shirika lilikuwa na sura za watu. Jirani yetu wa ukutani alikuwa Mtanzania wa Tanga, fundi wa injini, na akitoka zamu ya usiku alinuka mafuta ya taa hadi mlangoni. Mbaazi za nazi kwa mahamri tulizijulia kwa mkewe.

Wazee walikumbuka mbali zaidi. Shirika lilianza mwaka wa 1946 na vindege vya Dragon Rapide, na uwanja wenyewe ulikuwa Eastleigh, hapa hapa Eastlands. Embakasi ilifunguliwa 1958. Comet zikaja 1960, VC10 zikafuata 1966. VC10 moja iliteketea Addis Ababa Aprili 1972 ikijaribu kupaa, wakafa watu 43. Wiki hiyo fundi hakutaka kuulizwa lolote.

Ugomvi wa wakubwa wa nchi hizo tatu ulitufikia kwa redio. Makao makuu na karakana kubwa vilikuwa Nairobi, na Tanzania ikaona ajira na faida zimebaki kwetu. Kenya nayo ilichoka kubeba hasara za njia za ndani za wenzake. Kila mmoja alikuwa na hoja, nami sijawahi kuona wa kumpa haki yote. Tena tangu Amin aipindue serikali Uganda mwaka wa 1971, Nyerere wa Tanzania alikataa kuketi naye, basi marais watatu hawakukutana kuamua lolote.

Mwanzoni mwa 1977 madeni yalizizuia ndege ardhini. Tarehe 4 Februari Kenya Airways ikaanza safari kwa Boeing 707 za kukodi, na mwezi huohuo Tanzania ikafunga mpaka. Fundi alifungasha akarudi Tanga. Nyumba yake akapewa karani wa posta, mtu mkimya asiyejua mbaazi.

VC10 zilizobaki zilirudi Uingereza, jeshi la anga la huko likazigeuza kuwa ndege za kuwajazia wenzao mafuta angani. Mojawapo, 5H-MMT, iliruka mara ya mwisho Septemba 2013, miaka 36 baada ya shirika lenyewe kufa. Nilimsimulia hayo mzee mmoja wa Makadara, aliyewahi kufanya kazi karakana ile. Hakushangaa. Aliuliza tu kama injini zilikuwa Conway zilezile, na nilipomwambia ndiyo, akaanza kuhesabu vidoleni ni nani na nani waliozifungua.