Niliwaambia Biden Atawarudisha Kazini

Nilisema kwa kujiamini kwamba mgomo wa bandari hautamaliza hata siku moja. Nilikosea, na walioumia ni wateja wangu.

Niko New Jersey, kazi yangu ni kupakia magari na mizigo ya Watanzania kwenye makontena yanayoshuka Dar es Salaam. Septemba 2024 mkataba wa wafanyakazi wa bandari ulikuwa ukingoni, na chama chao, ILA, kilishatangaza kwamba Oktoba Mosi kazi inasimama kuanzia Maine hadi Texas. Wenzangu wakakimbiza makontena yao bandarini. Mimi nikatulia. Yadini nilikuwa na kontena la futi 40, ndani RAV4 ya dada mmoja wa Tanga, buti limeshindiliwa magodoro ya watoto yaliyofungwa kamba, na nafasi ya gari moja bado haijapata mtu. Nikangoja lijae. Dada alipopiga simu nikamjibu, "Ondoa wasiwasi, dada yangu. Serikali haitakubali."

Uhakika huo niliutoa wapi? Desemba 2022 Biden alitia saini sheria ya kuzuia mgomo wa reli. Mwaka 2002 Rais Bush alitumia Sheria ya Taft-Hartley, inayompa rais njia ya kusimamisha mgomo kwa muda, kufungua bandari 29 za pwani ya magharibi. Nikajumlisha, nikapata jibu. Sikujali kwamba reli zina sheria yake, wala kwamba mwaka 2002 waliofunga mageti walikuwa waajiri. Tena Bush mwenyewe alikaa zaidi ya wiki, kisha ikambidi apite mahakamani. Biden naye, siku mbili kabla ya mgomo, alisema hadharani kwamba hataitumia Taft-Hartley. Nilimsikia. Nikasema hayo ni maneno ya uchaguzi tu.

Jioni ya Oktoba 3 mgomo ukasitishwa, na nusura nijisifu. Kisha nikasoma ulivyokwisha. Serikali iliingilia kweli, ila iliwabana wenye meli waongeze dau, mpaka ikafikiwa nyongeza ya mshahara ya asilimia 62 kwa miaka sita. Nilikaa na simu mkononi, nikiona haya peke yangu. Siku zote nilidhani serikali ikiingia kwenye mgomo inakuja kumwamuru mfanyakazi arudi. Haikuwahi kunijia kwamba anayeitwa na kubanwa anaweza kuwa tajiri.

Meli niliyoikusudia ilishaondoka kabla ya mgomo, na zilizofuata zilikuwa na foleni. RAV4 ilifika Dar baada ya Krismasi. Dereva aliyepangwa kuipeleka Tanga alishachukua kazi nyingine. Nilimrudishia dada sehemu ya nauli ya meli, akapokea, akashukuru. Hajanipa mzigo tena.

Mkataba mpya unaisha Septemba 30, 2030. Ukiwa na kontena majira hayo, lifikishe getini Agosti, hata kama halijajaa.