Futi Saba ni Maji ya Wapi?

Sisi tunaoishi Bladensburg tumejenga mahali maji yanapokutana. Kutoka kaskazini huteremka mikono miwili ya Mto Anacostia, Northeast Branch na Northwest Branch, ikikusanya mvua ya vitongoji vilivyojaa lami na mapaa. Upande wa kusini mto hujaa na kupwa kufuata bahari. Mtu wa Tanga au Lamu ataelewa upesi: mvua kubwa ikikutana na maji ya kujaa, mto hukosa pa kwenda.

Kwa hiyo mvua ikinyesha kwa fujo, mimi hutazama vipimo vya Idara ya Jiolojia ya Marekani, USGS. Idara hiyo ina vituo viwili juu yetu, kimoja Riverdale na kingine karibu na Hyattsville, vyote vikiwa na kumbukumbu tangu mwaka 1938. Siku hizi kifaa hupima kimo cha maji kila baada ya dakika chache na kurusha takwimu kwa setilaiti, hata aliye kitandani akaziona bure. Anaweza pia kujiandikisha aletewe ujumbe maji yakifika kimo alichokichagua.

Usiku mmoja nilimwambia jirani yangu, mama aliyetoka Kivu, kwamba mto umefika futi saba. Akaniuliza, "Papa, futi saba ni maji ya magoti ao ya shingo?"

Si ya magoti wala ya shingo. Futi hizo huhesabiwa kuanzia alama iliyowekwa kituoni, si kizingiti cha mlango wake. Namba hiyo humfaa anayejua saa moja iliyopita ilikuwa ngapi, na ni kimo gani maji huvuka ukingo. Tena mito ya mjini haingoji. Huweza kupanda sana kwa saa chache tu.

Lipo na jambo kubwa zaidi. Kipimo cha mtoni hupima mto tu. Matuta yaliyojengwa kutukinga na mto huzuia pia maji ya barabarani yasiufikie, ikabidi pampu ziyatoe. Pampu zikishindwa, nyumba zaweza kujaa ingawa mto haujavuka tuta. Majirani zetu wa Edmonston waliujua uchungu wa mafuriko mwaka 2006. Na alfajiri ya Septemba 1, 2021, huko Rockville, kijana wa miaka 19 alipoteza maisha maji yalipovamia fleti za chini.

Nalisema hili kwa sababu wengi wetu tukifika nchi hii huanzia besimenti, ambako kodi ni nafuu. Bima ya kawaida ya nyumba hapa hailipi mafuriko. Bima ya mafuriko ya serikali kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuikata, na vitu vilivyoko besimenti hulipiwa kidogo sana. Hati za ukimbizi, vyeti vya shule, picha za wazazi: hivyo havilipiki kabisa.

Katika jengo letu tumekubaliana hivi. Wawili wanaosoma Kiingereza vizuri hupokea ujumbe wa mto. Mmoja wa ghorofa ya juu hutazama barabara na mtaro, maana huko hakuna kifaa. Likionekana lolote, tunapiga simu kwa Kiswahili, na asiyepokea tunamgongea mlango. Hatumwambii futi. Tunamwambia, "Maji yanapanda, chukua watoto na bahasha ya hati, panda juu."

Nanyi mnaoishi kando ya mito, pangeni nani atampigia nani kabla mvua kubwa za kiangazi hazijaanza. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, na tahadhari hii haina gharama ila simu chache.